Springi ya Mtani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alileta fundi nyumbani amtengenezee gari lake. Walilipandisha kwenye jeki mbele ya kibaraza changu, wakavua matairi ya nyuma, na fundi akatandaza turubai na kupanga juu yake springi alizozipata kwa watu wa vyuma chakavu, moja ndefu, moja fupi, zote zina kutu. Mimi nilikuwa napembua ufuta, wala sikuwajali. Lakini alipowasha moto akapasha chuma kimoja ili akipinde, ile grisi ya zamani ikaanza kuungua, na harufu yake ikanifikia. Ungo ulinitoka mikononi. Niliingia ndani nikafunga mlango, nikakaa kitandani nimejiziba pua kwa kanga, mwanamke mzima mwenye vitukuu.

Mjukuu akaja kugonga. "Bibi, moshi unakukera?"

Nikamwambia ndiyo, ni moshi. Ningemwambia nini kingine? Yeye kwake springi ni springi. Ninyi wa rika langu mliokulia upande ule ndio mtakaonielewa, kwa hiyo nawaandikia ninyi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nang'oka meno ya mbele mama alipoachika, tukatoka kwetu Chunyu, upande wa Ruangwa, tukaenda Nachingwea kwa mjomba. Kwetu mtoto ni wa mjomba wake, hilo sina haja ya kuwaeleza. Mjomba alikuwa amekwenda kule kufanya kazi kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Wazungu walipoanza kukata tamaa na karanga zao yeye akabaki, na katika kubaki huko akapata gari. Lilikuwa gari dogo la mizigo lililochakaa, bodi yake ya mbao ameigonga mwenyewe. Alilipenda mno. Asubuhi alilisemesha lile kwanza, ndipo akatusalimia sisi.

Nachingwea ilinitisha tangu siku ya kwanza. Nje ya mji kulikuwa na uwanja mpana ambako mashine zilizoharibika zilitupwa, matrekta, malori yaliyobaki baada ya vita, magari madogo, yote yamekaa juani hayana taa wala matairi. Watu walipita pale wakisema kwa kawaida kabisa, "Lile limekufa, tulilichinja juzi." Walimaanisha wamelitoa vipuri. Mimi kuchinja nilikujua kwa maana moja tu, na kila tulipopita pale nilishika kanga ya mama na kutazama chini nisije nikaona damu.

Tena nilikuwa nimetoka nyumbani na hofu yangu nyingine. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa akitusimulia habari za Magwangwara, yaani Wangoni wa Songea, jinsi walivyotushukia sisi Wamwera zamani wakati mama yake yeye alipokuwa msichana. Vijiji vilichomwa moto, wanaume waliuawa kwa mikuki, wanawake na watoto walifungwa kamba wakapelekwa mbali. Alisimulia kwa sauti ndogo, kana kwamba bado wako nyuma ya nyumba. Akimaliza anatuambia sasa tulale. Tutalalaje?

Basi wiki ile ile ya kwanza, asubuhi, nafagia uwanja, akaja mtu mmoja mrefu amevaa ovaroli iliyolowa mafuta. Hakubisha hodi. Alisimama katikati ya uwanja wetu akapaza sauti, "Mateka wangu yuko wapi? Nimekuja kumalizia kazi waliyoiacha babu zangu!"

Mjomba akatoka ndani, kikombe mkononi. "Nani huyo? Mngoni? Mkuki wako umekwenda kuuuza?"

"Mkuki nimeupumzisha. Wewe nitakuua kwa spana."

Wakashikana mikono, wakacheka, wakaenda pamoja kulitazama gari. Mimi kicheko sikukisikia. Nilichosikia ni Mngoni, nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Ninyi mmeshajua. Mmwera na Mngoni ni watani. Walipigana mpaka wakachoka, kisha wakaachiana mizaha badala ya mikuki, na tangu hapo mtani ana ruhusa ya kukuita mtumwa wake, kukunyang'anya kofia, kukutangazia kifo chako mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kununa. Lakini Chunyu ya utoto wangu haikuwa na Mngoni hata mmoja. Utani nilioujua mimi ulikuwa wa bibi na wajukuu, bibi kuwaita kaka zangu waume zake. Kwamba mtu anaweza kusema "nitakuua" kwa maana ya "nakupenda", hilo hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtoto asiyelijua.

Yule Mngoni alikuwa fundi wa magari, na kwa maneno ya mjomba mwenyewe, fundi kuliko wote waliobaki pale. Alikuja kwa sababu springi zote mbili za nyuma za gari zilikuwa zimekatika, na gari lilikaa matako chini. Springi za gari la namna ile hazikuwepo tena, Wazungu walioyaleta magari hayo walikwishaondoka na vipuri vyao. Kwa hiyo fundi akaenda kule kwenye uwanja wa mashine mfu. Siku ya kwanza akarudi na springi ya lori la vita begani, nene na fupi. Siku ya pili akarudi na ya gari dogo, ndefu na nyembamba.

"Hizi hazijuani," alimwambia mjomba, akizilaza pamoja mchangani. "Kama mimi na wewe. Lakini nitazilazimisha."

Nene ilikwenda kulia, nyembamba kushoto, na jeki iliposhushwa gari likaegemea kushoto kama mtu aliyebeba debe la maji kwa mkono mmoja. Mjomba alilizunguka mara mbili, akashika kiuno, akasema hawezi kuendesha kiwete. Fundi akarudi tena kule kuchinja gari la tatu, akaleta vyuma viwili vya kuongeza kwenye ile springi nyembamba. Matundu hayakulingana. Akachimba shimo, akatia mkaa, mjomba akawa anavuta mivukuto, na chuma kikapashwa mpaka kikawa chekundu chote, fundi akakipiga nyundo, akalipanua tundu, akakipinda kidogo kila upande. Hapo ndipo harufu ile iliponiingia, na mpaka leo haijatoka. Shokomzoba, kile chuma cha kupunguza mtikisiko, ilipatikana moja tu, nayo akaifunga upande wa kulia, akasema wa kushoto utajizoeza.

Kisha vibanio vya kushikilia vyuma pamoja havikuonekana. Fundi akaenda machinjioni akaleta ngozi mbichi ya ng'ombe, akaikata kanda ndefu, akaizungusha kwenye springi ya kushoto, akavuta kwa meno na mikono, ukanda juu ya ukanda. Alisema ikikauka itabana kuliko chuma. Nilikuwa nimetumwa kumpelekea maji ya kunawa. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko, na aliponyoosha viganja ili nimmiminie, nusu ya maji niliyamwaga miguuni mwangu.

"Unaiona hii?" alimwambia mjomba, akipigapiga ile springi kwa spana. "Hii ndiyo itakayokuzika. Zile nyingine nimeweka pambo tu."

"Nikifa nakuachia mama mkwe wangu," akajibu mjomba, "ukome."

Walicheka mpaka wakaegemea gari. Mimi nilishajua kifo cha mjomba kimewekwa wapi. Kilikuwa nyuma, upande wa kushoto, kimefungwa kwa ngozi.

Na mtu mwenyewe alikuwa mwema kwangu, hilo ndilo lililozidi kunitia hofu. Kila alipokuja aliniletea karanga za kukaanga kwenye kipande cha karatasi. "Mateka mdogo, pokea." Nilipokea kwa mikono miwili nimepiga magoti, kama nilivyofunzwa, nikasema ahsante baba, kisha nikaenda kuzifukia nyuma ya choo. Nilijua zina dawa. Kuku wa mjomba walizifukua wakanona, nami nikawa nawatazama kila asubuhi nione yupi amekufa. Hakufa hata mmoja. Nikaona basi, dawa yake ni ya polepole.

Siku moja nilijikaza. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda anakunywa uji, nikapiga magoti mbele yake.

"Mjomba, yule Mngoni atakuua."

"Nani kakwambia?"

"Amesema mwenyewe. Kifo chako amekiweka kwenye springi."

Mjomba alicheka mpaka uji ukampalia. Akamwita mama aje asikie. Mama naye akacheka, akajifuta macho na upindo wa kanga, akasema, "Mwanangu, yule ni mtani." Akarudi jikoni kwake. Ndiyo maelezo yote niliyopewa. Mimi nikajiuliza mtani ni mtu wa namna gani, ambaye akitaka kumuua mtu ndugu wa huyo mtu wanafurahi.

Ubaya ni kwamba walimwambia. Alipokuja jioni, mjomba alimpokea kwa habari hiyo kabla hajakaa. Fundi akaja mpaka nilipokuwa nimesimama, akachuchumaa uso wake ukawa sawa na wangu. Alinuka grisi na ngozi mbichi.

"Kumbe umenigundua," akaninong'oneza. "Basi usimwambie mtu. Nikishammaliza mjomba wako, wewe nakupeleka Songea ukanilindie kuku."

Wote wakacheka, na mama. Mimi nililowa pale pale nimesimama. Nikakaa mchangani haraka wasije wakaona, nikakaa hivyo hivyo mpaka fundi alipoondoka. Usingizi wangu ulikwisha kuanzia siku ile. Chakula nilikuwa natafuna tu.

Ikafika siku ya safari. Ufuta ulikuwa umevunwa, watu walitaka kuupeleka Ruangwa kuuza, na gari la mjomba lilikuwa limekaa juu ya jeki siku nyingi, hivyo habari ziliposambaa kwamba limepona, uwanja wetu ulijaa tangu alfajiri. Mama na mimi tulikuwa twende kumwona bibi. Mjomba alikuwa na kasoro moja kubwa, alikuwa hajui kumwambia mtu hapana. Kila aliyekuja na gunia lake alimwambia, "Tia tu, tutabanana." Yaliwekwa magunia, juu ya magunia wakawekwa watu, na juu ya watu kuku.

Fundi alikuja mbio. Sikuwahi kumwona anakimbia. Hakupiga kelele za mateka wala babu zake, aliingia moja kwa moja chini ya gari, tukaona miguu yake tu. Akatoka huku anajifuta kidole gumba kwenye ovaroli.

"Mtani, mzigo umezidi."

"Umezidi kwa nani? Wewe hujaubeba."

"Nisikilize. Kile chuma cha kushoto nilikipiga moto. Chuma kikishapigwa moto kinalegea, hakirudi kuwa kile cha zamani. Kinabeba watu sita, basi. Shusha magunia yote. Nipe wiki moja nitafute kingine."

Mjomba akawageukia watu juu ya gari, akawakonyeza. "Mnamsikia Mngoni? Leo anatuonea huruma. Anataka tubaki wazima ili aje kututeka kesho."

Gari zima likaangua kicheko.

"Sitanii," akasema fundi. "Haki ya Mungu, leo sitanii. Ukiteremka na mzigo huu lile korongo la mbele ya Marambo, utakufa."

Wakazidi kucheka. Na kwa nini wasicheke? Mtani gani husema anatania? Miezi yote ile alikuwa amemwambia mjomba atakufa, kwa spana, kwa springi, kwa nyundo, ameapa kwa Mungu na kwa makaburi ya babu zake. Siku aliyotaka kuaminiwa alikuwa hana neno jipya, yote alikwisha kuyachezea. Alisimama pale mikono inaning'inia, anawatazama watu wanavyomcheka, na katika watu wote wale mmoja tu alimwamini, naye ni mimi. Lakini mimi nilimwamini vibaya. Nilisikia muuaji anajitapa hadharani, na watu wanampigia makofi.

Sijui nilipata wapi ile sauti. Nilimvamia mjomba nikang'ang'ania shati lake, nikapiga ukelele, "Usiende! Ni yeye! Ameweka springi mbovu makusudi! Anataka kukuua, na karanga alizonipa zina sumu!"

Kicheko kikakatika. Juu ya gari walikuwepo watu wasiomjua fundi, na nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Lakini si kweli, springi kaiweka yeye?" Mwenzake akaguna. Mama alinivuta mkono akanikanya, aibu imemjaa. Fundi alinitazama. Hakunikasirikia, laiti angenikasirikia. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto asiyeweza kumrudishia. Nadhani ndipo alipojua kwamba siku zote zile sikuwa nikicheza naye.

"Mtani, shusha basi hata nusu," alimwambia mjomba, polepole.

Mjomba akashusha magunia mawili. "Kwa heshima ya mtoto," akasema, "si yako."

Fundi akayatazama yale magunia mawili, akatazama springi, akanitazama mimi. Kisha akashika ubao wa bodi akajivuta juu, akaenda kukaa nyuma kabisa, pembeni kushoto, miguu inaning'inia nje.

"Na mimi nakwenda," akasema. "Nitakaa juu ya springi yangu mwenyewe, mtoto huyu aone kama nimemtegea mtu. Mateka mdogo, niangalie. Ikikatika, naanza mimi."

Watu wakapumua, wakacheka tena, na gari likaondoka.

Mimi nilikaa mbele, katikati ya mjomba na mama, nimegeuka nyuma, natazama kwenye kile kidirisha kidogo. Kati ya miguu ya watu na magunia niliona kipande cha mgongo wa fundi. Kitu kimoja nakikumbuka kwa aibu kuliko vyote, nilifurahi. Niliwaza kwamba muuaji amepanda mwenyewe, kwa hiyo hawezi kukubali gari lianguke. Mara ya kwanza tangu tuingie Nachingwea pumzi ilinishuka mpaka tumboni.

Haikudumu. Barabara ilikuwa mashimo, na katika kila shimo upande wa kushoto ulilia. Ile ngozi iliyokauka ililia kama mlango, na kila ilipolia mjomba aliacha wimbo aliokuwa akiuimba, akasikiliza, akauendeleza. Tulipovuka Marambo alikuwa haimbi tena. Alishika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka shingoni, na asubuhi ilikuwa bado na ubaridi. Nilimtazama nikajua kwamba naye sasa anaogopa, na nikajua hasimami kwa kuwa watu wote wale walimsikia akicheka. Mama alikuwa amefumba macho, midomo inakwenda. Mbele barabara ikainama, nikaliona korongo.

Kulitokea mlio mmoja, mkavu, kama bunduki. Gari likakaa chini upande wa kushoto, likavuta kwenda pembeni, mjomba akivuta kwenda katikati huku akisema "Bismillahi, Bismillahi," na kwa muda ambao nikiufikiri ni mrefu tulikwenda tumelala ubavu hivyo, polepole, mpaka ukingo wa barabara ulipomeguka. Nilimwangukia mama. Kisha mbingu ilikuwa kwenye kioo na vumbi la ufuta limetujaa puani.

Waliokuwa juu walirushwa majanini. Waliumia, mmoja alivunjika mkono, mama alipasuka kwenye paji la uso, kuku walikuwa wakikimbia huko na huko. Mjomba alitoka kupitia dirishani, akazunguka nyuma, nikamfuata. Upande wa kushoto wa bodi ulikuwa chini, na magunia yote yalikuwa yameanguka upande huo. Mjomba alianza kuyavuta peke yake, gunia baada ya gunia, huku anaita.

"Mtani! Toka, mateka wako anatoroka! Mtani we, toka unikamate!"

Aliita hivyo mpaka wengine wakaja kumsaidia. Gunia la mwisho lilipoondolewa, akapiga magoti, akamshika fundi uso kwa mikono miwili. "Mngoni," akasema. "We Mngoni. Nitukane." Fundi hakumtukana. Nilisubiri na mimi anitazame aseme kitu cha kunitisha, chochote, hata Songea. Mama akaja akanifunika macho na kanga yake yenye damu.

Walimbeba mpaka Marambo. Kesho yake asubuhi wakaja Wangoni wenzake kutoka Nachingwea, pamoja na mdogo wake, wakakubali azikwe pale pale. Nao Wamwera wa Marambo, ambao fundi hawakumjua hata kwa sura, walikuja wote, maana Mngoni amefia kwao na wao ni watani. Waliingia msibani kama inavyotakiwa. Mmoja alivaa nguo za mkewe akajifanya mjane. Mwingine alimgombeza marehemu kwa kufa bila kurudisha watu aliowateka. Ndugu zake fundi, macho yamewavimba, walikuwa wakicheka bila kutaka, wakijipiga mapaja, wakilia tena. Mimi nilikuwa mkekani ubavuni mwa mama, natazama. Hakuna aliyenieleza lolote, lakini pale nilielewa utani ni kitu gani. Nilikuwa nimechelewa siku moja.

Makaburi yalikuwa nyuma tu ya nyumba tuliyofikia. Kutoka huko tukasikia kicheko kikubwa, na mwanamke mmoja akaja anakimbia, ameshika mbavu. "Yule dereva, mtani wake, ameingia kaburini amelala! Hataki kutoka! Leteni jogoo!" Nayo hiyo ni desturi, mtani hutangulia kuingia kaburini, akakataa kutoka mpaka wafiwa wamkomboe kwa kitu. Jogoo akakamatwa, akafungwa miguu, nikapewa mimi nimpeleke, kwa kuwa nilikuwa mtoto na yule alikuwa mjomba wangu.

Watu walinipisha. Mjomba alikuwa chini kabisa, amelala ubavu wa kulia, uso ameuelekeza kibla, vile vile wanavyolazwa maiti. Mdogo wake fundi alikuwa amesimama ukingoni, anajifuta macho na kutabasamu.

"Haya, mtani," akasema. "Jogoo huyu hapa. Toka, mwenye nyumba amefika."

"Sitoki," akasema mjomba.

Watu wakacheka.

"Tunakuongezea na tetea."

"Sitoki. Nyumba hii ni yangu. Aliniambia ni yangu, sikusikia. Yeye mrudisheni kwao."

Wakacheka zaidi, na mzee mmoja mwenye fimbo akasema kwamba tangu azaliwe hajaona mtani anayejua kazi yake namna hii. Mjomba hakuwatazama. Alikuwa ameshika udongo kwa kiganja, ameukamua mpaka unatoka katikati ya vidole, na midomo yake ilikuwa myeupe.

"Hatanii," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Jogoo akaniponyoka. Nikasema tena kwa nguvu zangu zote, "Mjomba hatanii! Mtoeni, hatanii!"

Na kwa kuwa mpwa wa mtani naye ni mtani, wakanicheka na mimi.